Nilifungua moteri mara mbili juu ya kifuniko kimoja

Haya ni maneno ya kijana mwenzetu, aliyoyasema mbele ya vijana wa Bukavu katika mazungumzo ya jioni juu ya kujifunza ku makosa. Tumeyaandika sawa vile aliyasema. Tumepunguza tu marudio.

Mulioketi kule nyuma, musogee, nafasi iko.

Waliniomba niongee juu ya kujifunza ku makosa. Najua wengine walifikiri nitaongelea mukutano fulani ao barua fulani tuliyoiandika vibaya. Hapana. Leo nitaongelea moteri. Moteri ya gari ya papa yangu, Toyota Corolla ya miaka ya 1990, yenye usukani kuume, sawa zile munaziona kila asubuhi zikipanda Kadutu zimejaa watu. Ndani yake kuna moteri inaitwa 4A-FE, silinda 4, lita 1.6. Mafundi wengi wanaipenda kwa sababu ni nguvu na haina siri nyingi. Nataka mulijue hilo mwanzoni, juu mutasikia mabaya mengi, na hakuna hata moja lililotoka kwa moteri. Yote yalitoka kwangu.

Ile gari njo ilikuwa sufuria ya nyumba yetu. Papa alikuwa anabeba watu: mujini, Kadutu, Panzi, kurudi. Wakati mugongo wake ulianza kumusumbua, nilishika usukani mimi. Nilikuwa na miaka 24. Mudogo wangu wa miaka 16 alikuwa ananisaidia siku hakuna masomo: anaosha gari, anaita wasafiri, anaangalia maji na mafuta asubuhi.

Sasa musikilize jinsi ilianza, juu mwanzo wake ni mudogo sana.

Asubuhi moja nilikuwa na haraka. Nilifungua kifuniko cha radiateri nione maji, nikakiweka juu ya batri, simu ikalia, nikafunga boneti, nikaenda. Jioni kifuniko hakiko. Kimeanguka njiani. Ningemuambia papa, tungenunua kingine kwa dola 3, habari imeisha. Lakini papa alikuwa amenikataza mara nyingi kufanya kazi nikiwa ku simu. Nikaona haya. Karibu na kwetu kulikuwa gari moja ya zamani iliyokufa, imeota majani. Nikaenda kutoa kifuniko chake, nikakijaribisha kwetu. Kikaingia, kikazunguka, kikafunga. Nikasema: sawa, ni kilekile. Sikumuambia mutu.

Hilo ni kosa la kwanza. Si kupoteza kifuniko. Kila mutu anapoteza kitu. Kosa ni kuweka kingine bila kujua kinafanya kazi gani, kisha kunyamaza.

Na kifuniko cha radiateri kinafanya kazi gani? Mimi nilifikiri ni sawa na kifuniko cha chupa, kinazuia maji yasimwagike. Bana, hapana. Ndani yake kuna risori, na chini ya risori kuna mupira. Inakandamiza maji, inayaweka katika nguvu. Juu yake wanaandika namba, mara nyingi 0.9 ao 1.1. Ni kipimo cha ile nguvu. Maji yaliyokandamizwa hayachemki upesi. Na sisi wa Bukavu tunahitaji hilo kuliko mutu wa pwani. Muji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hapa maji katika sufuria wazi yanachemka karibu digri 95, si 100. Lakini kukiwa kifuniko kizima cha 0.9, yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Moteri ya ile gari ikiwa nzima inatembea katikati ya digri 80 na 95. Ikipanda muteremuko mukali imejaa watu, inaongeza. Kwa hiyo bila ile nguvu ya kifuniko, kati ya moteri nzima na moteri inayochemka kunabaki nafasi ndogo sana.

Kile kifuniko changu risori yake ilikuwa fupi. Kilifunga kule juu, lakini mupira haukufika chini. Hakikukandamiza kitu.

Siku kumi hivi baadaye, mushale wa joto ulianza kupanda. Ku barabara tambarare, hakuna shida. Ku mupando wa Kadutu, unapanda. Nifanye nini? Nikamuambia mudogo wangu aongeze maji kila asubuhi. Na kila asubuhi maji yalikuwa yamepunguka. Nikazoea. Wandugu, hapa njo pa hatari zaidi: mutu anazoea. Litre moja kila siku ikawa sawa na kupiga mswaki. Maji ya robinet, tena yenye kutu ya bomba, tukayamwaga katika radiateri wiki baada ya wiki.

Rafiki yangu mumoja akaniambia: "Toa kalorstati, moteri yako itapoa." Mumesikia hiyo mara ngapi? Kalorstati ni kile kimulango kidogo kinachofunguka maji yakipata moto. Cha kwetu kinafunguka karibu digri 82. Nikakitoa. Na kweli, siku mbili tatu mushale ukabaki chini. Nikajisifu. Lakini moteri isiyokuwa na kalorstati inachelewa kupata joto lake, inakunywa esanse zaidi, na mafuta yake yanachafuka upesi. Tena kuna moteri nyingi ambamo kalorstati, ikifunguka, inafunga njia ya mukato. Ukiitoa, maji mengine yanarudi ndani ya moteri bila kupita ku radiateri. Ni kama mutu ana homa, unavunja kipima joto. Ku muteremuko tambarare nilishinda. Ku Kadutu nilikuwa ninangoja.

Ikafika siku ya posho. Tulikuwa watu sita ndani, na mizigo. Katikati ya mupando, mvuke ukatoka chini ya boneti, mweupe, mwingi. Wasafiri wakatoka wakikimbia. Nyuma yetu magari yanapiga honi, mutu wa moto ananitukana. Nikachanganyikiwa. Nikafungua boneti, nikamuambia mudogo wangu: "Fungua maji upesi, mimi nalete bidon!"

Nilisema mimi. Kwa mudomo wangu.

Akachukua kitambaa, akazungusha kifuniko. Hata kifuniko kibovu, moteri ikichemka sana mvuke unajaa kuliko kale kabomba kadogo kanavyoweza kutoa. Maji yakaruka. Yakamuunguza mukono wa kushoto, kutoka kiganja mupaka ku kiwiko.

Mama mumoja wa pale akaleta dawa ya meno, akampakaa. Alifanya kwa upendo, simulaumu. Lakini ku kituo cha afya muuguzi alikasirika, akatufundisha, na nawapa vile alitupa: mutu akiungua na maji moto, weka mahali palipoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Si barafu. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga, si yai. Ondoa pete na saa mbele ya kuvimba. Funika na kitambaa safi, enda kwa daktari. Na radiateri ya moto haifunguliwi. Zima moteri, kaa kando, ngoja nusu saa ao zaidi, mupaka uweze kushika bomba ya juu na mukono bila kusikia moto. Wasafiri wataenda na gari ingine. Waache waende.

Jioni papa aliuliza: "Imekuwa namna gani?" Nikajibu: "Alifungua radiateri ya moto." Si uongo, eh? Kila neno ni kweli. Aliifungua. Lakini papa alisikia kama mutoto alikosa akili, akamugombeza akiwa na bandeji. Mudogo wangu akaniangalia. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu.

Kesho yake moteri ilikuwa inawaka kwa taabu. Ilitoa moshi mweupe nyuma, na ukiangalia ndani ya radiateri inapowaka ikiwa bado baridi, unaona mapovu yanapanda. Hizo ni alama za gasketi ya kichwa cha moteri iliyoungua, ile mafundi wetu wanaita jwe ya kilasi. Alama ingine ni mafuta yanayogeuka rangi ya kahawa na maziwa. Ukiona hizo, usiendelee kutembea.

Hatukuwa na feza ya garaji. Nikasema nitaitengeneza mimi, hapa ku lupango. Niliangalia video usiku kucha. Nawaambia, video zinasaidia, lakini video haikuonyeshi kile usichojua kuuliza.

Kosa moja nyuma ya ingine, nitayataja upesi.

Niliweka bulo zote katika beseni moja. Za kichwa cha moteri ziko 10, na hazilingane: upande mumoja wa moteri zina milimita 90, upande mwingine 108. Mimi sikujua. Wakati wa kurudisha, mbili zikabaki zimesimama juu, zingine zikaingia nyuzi chache tu. Ilibidi nitoe zote nianze upya. Kipande cha karton chenye matundu 10, kila bulo katika tundu lake, kingeniokolea nusu ya siku.

Nilikwangua gasketi ya zamani na kisu cha jikoni. Kichwa cha ile moteri ni aliminiamu, laini, na mwili wake chini ni chuma kizito. Kisu kiliacha mikwaruzo.

Sikupima kama kichwa kimepinda. Aliminiamu ikipata moto kupita kipimo inapinda, juu inatanuka kuliko kile chuma iliyofungwa juu yake. Kwa jicho ilionekana sawa. Jicho haliwezi kuona hiyo. Kiwango kinachokubaliwa ni milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi.

Nilifunga bulo kwa nguvu ya mukono, hadi nikasikia "imekaza". Mukono wa asubuhi si mukono wa jioni. Ile moteri inaomba kle yenye kipimo.

Na ule mukanda wenye meno, unaoongoza vali, niliukosesha jino moja. Moteri ikawaka ikitetemeka kama inasikia baridi. Bahati ni kwamba katika ile 4A-FE pistoni hazigongi vali mukanda ukikosea. Kuna moteri zingine, jino moja ama mawili, umevunja kila kitu. Hiyo njo bahati pekee nilipata ile wiki, na sikuistahili.

Siku ya tatu ikawaka vizuri. Majirani walipiga makofi. Mama aliimba. Nikatembea katika avenue kama ministre. Na kile kifuniko? Nilikipangusa vizuri, nikakirudisha palepale.

Ilidumu siku tano. Kisha mapovu tena, mvuke tena.

Sasa musikie ile inayoniuma kuliko yote, nyuma ya mukono wa mudogo wangu. Nilienda kwa mwenye kuniuzia gasketi. Mutu wa miaka mingi ku soko, ana jina lake, ana wateja wake. Nikasimama mbele ya duka, watu wamejaa, nikapiga kelele: "Umeniuzia piesi ya bongo! Muizi!" Alijaribu kuniuliza vile niliifunga, kama nilipima kichwa. Sikumuacha aseme. Nikachukua video na simu. Ashukuriwe Mungu, megabaiti zilikuwa zimeisha, sikuituma.

Papa akaita muzee mumoja, fundi wa zamani aliyestaafu. Akaja na fimbo yake, hana hata kle moja. Nikamuonyesha gasketi iliyoungua. Hakuiangalia sana. Akaniuliza:

"Kijana, moteri ilichemka juu ya nini?"

Nikasema: "Juu ya gasketi, muzee."

"Gasketi iliungua juu ya nini?"

"Juu moteri ilichemka."

Akacheka kidogo. "Basi unazunguka kama kuku aliyefungwa ku muti. Mbele ya gasketi ya kwanza kuungua, moteri ilianza kuchemka. Hapo gasketi ilikuwa nzima. Kitu gani kilibadilika siku zile?"

Wandugu, nilijua. Palepale nilijua, hata kama nilikuwa bado sijaelewa kazi ya kifuniko. Kwa sababu kulikuwa kitu kimoja tu kilichobadilika, na ni mimi peke yangu niliyekijua. Nikasema: "Hakuna, muzee."

Akaomba kuona maji, kalorstati, vantilateri, kifuniko. Moja kwa moja. Alipofika ku kifuniko akakishika, akasukuma risori na kidole gumba, akakiingiza ku radiateri, akakitoa, akaangalia mupira. Ulikuwa mukavu, hauna alama ya kugusa kitu. Akauliza polepole: "Hii ni ya gari gani?"

Papa alikuwa pale. Mama alikuwa ku mulango. Mudogo wangu alikuwa ameketi ku kiti, mukono katika bandeji.

Nikasema yote. Simu, batri, kifuniko kilichoanguka, ile gari ya majani. Kisha nikasema ile ingine: "Na siku ile ku Kadutu, hakufungua kwa akili yake. Ni mimi nilimuambia afungue."

Nilingoja papa anipige. Hakunipiga. Aliingia ndani ya nyumba, akakaa kidogo, akatoka na kiti chake, akaketi kando ya mudogo wangu. Akamuambia: "Nilikugombeza bure. Unisamehe." Papa mwenyewe, mbele ya mugeni. Mimi njo nilikuwa nimekosa, na yeye njo aliomba musamaha wa kwanza. Sijawahi kusikia haya kama ile.

Muzee akafunga kofia yake. Akasema: "Sasa fungua moteri tena. Nitakuwa ninakuja saa kumi kila siku. Sitagusa kitu."

Mara ya pili tulitumia siku tisa. Kichwa tulikipima kwa rula ya chuma iliyonyooka na vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi: kilipinda milimita 0.15, mara tatu ya kiwango. Gasketi gani ingeweza kuziba hapo? Hata ingetoka kiwandani Japani siku ile. Tukakipeleka kwa wenye mashine, wakakisawazisha. Bulo tukazilaza katika karton, kila moja na namba. Tukaazima kle yenye kipimo kwa fundi mumoja, tukamuachia kitambulisho changu. Unaanza katikati, unaenda nje kwa kuzunguka: mara ya kwanza zote kwa 29 Nm, unatia alama ya rangi juu ya kila bulo, mara ya pili unazungusha robo duara, digri 90, mara ya tatu robo ingine. Wakati wa kufungua ni kinyume, unaanza nje unakuja katikati. Radiateri tukaiosha mupaka maji yakatoka meupe. Mbele yake yalitoka rangi ya udongo. Kalorstati mupya. Dawa ya radiateri nusu, maji safi nusu, juu ile dawa inazuia kutu na inasogeza mbele kuchemka. Na kifuniko kipya, namba yake 0.9, dola 3.

Nilihesabu. Gasketi mbili, kusawazisha kichwa, mafuta mara mbili, dawa za mukono, na wiki karibu sita bila gari kutembea. Minerval ya dada yetu ilichelewa, akafukuzwa siku ine. Yote juu ya dola 3 na neno moja nililokataa kusema.

Mukono wa mudogo wangu ulipona. Alama imebaki, mutaiona. Anaweza kufunga na kufungua kiganja, namushukuru Mungu.

Kisha kulibaki duka. Muzee hakuniambia niende, hakuna aliyeniambia. Niliogopa kuliko siku ya moteri. Nilichagua saa ya watu wengi, kwa sababu nilimutukana mbele ya watu wengi. Nikasema: "Papa, nilikuita muizi. Gasketi yako ilikuwa nzuri. Nilifunga vibaya, na kichwa kilikuwa kimepinda. Nilikosa." Aliniangalia muda murefu. Akasema kuna wateja wawili hawakurudi tangu siku ile. Nikamuuliza majina yao, nikawatafuta. Mumoja nilimupata. Mwingine mupaka leo sijamupata. Hiyo sijaitengeneza, na siwezi kuwadanganya kwamba nimeitengeneza.

Nimalize na kitu cha kubeba nyumbani.

Mimi sikubaliani na wale wanasema "makosa yanafundisha". Kosa langu la kwanza halikunifundisha kitu kwa miezi miwili. Lilinifundisha tu kuongeza maji. Kosa linaanza kufundisha siku unalisema, na unalisema kwa mutu anayeweza kukuuliza swali. Mbele ya hapo, linakula tu.

Nyumbani sasa tuko na kaye. Kaye ya kawaida, ya shule. Kila mutu anayegusa gari anaandika mambo ine: siku na kilometa, alichoona, alichogusa ao kubadilisha, hata bulo moja, na alichofikiri ni sababu. Ile ya ine njo muhimu. Ukisha kuona ulifikiri vibaya, usifute. Piga musitari mumoja juu yake, isomeke bado, andika chini ile ya kweli. Ukirasa wa kwanza umejaa misitari yangu. Na kuna sheria moja tuliyopatana na papa: mwenye kuandika kosa lake siku ileile hagombezwi. Mwenye kulificha, tunaongea. Bila ile sheria, kaye itabaki nyeupe, mutafikiri gari ni nzima.

Ukipata pane, uliza kama muzee: kitu gani kilibadilika mbele yake? Usikimbilie kununua piesi. Piesi iliyoungua mara nyingi ni ile iliyoumia, si ile iliyoumiza.

Na neno moja kwa sisi wenyewe. Hapa tunapiga kelele, na tuko na haki, tunataka wakubwa waseme ukweli wa makosa yao. Ile miezi miwili mimi pia nilikuwa ninapiga ile kelele pamoja na nyinyi, na huku nyumbani mutoto alikuwa anabeba kosa langu ku mukono wake. Nilikuwa ninajua kuuliza maswali kwa wengine. Kwangu nilijibu "hakuna, muzee."

Mudogo wangu iko hapa leo, ameketi pale ku dirisha. Nilimuomba ruhusa ya kusema haya yote, akanipa, lakini aliweka sharti: kaye nije nayo. Iko hapa ku meza. Yeye njo anaishika sasa, na anajua ile moteri kuniliko. Wenye gari ao pikipiki nyumbani, mupite muangalie vile tunaandika, na maswali ya moteri mumuulize yeye.